Makochi Meupe ya Mapokezi

Mgeni rasmi, Mwenyekiti wa Bodi ya kliniki yetu ya mifugo,

Sisi wafanyakazi tunakukaribisha kwa mikono miwili uzindue mapokezi haya mapya. Utuwie radhi tukikusomea wote tumesimama. Makochi yapo, ila tumekatazwa kuyakalia.

TULIKOTOKA
Zamani wateja walikaa kwenye mabenchi ya mbao, mbwa upande huu, paka nyuma ya ukuta wa mbao. Hayakuwa na sura, lakini yalifutika. Ulipotuagiza tupendekeze samani mpya tuliunda kamati, tukapima sakafu, tukakaa vikao vitano. Tuliomba viti vya kufutika, kizuizi kati ya mbwa na paka, na rafu ya kuwekea vikapu vya paka. Jibu lilikuja kwa lori: makochi meupe ya mahameli, yanayotazamana.

MAFANIKIO
Yanapendeza. Watu wanapiga nayo picha.

CHANGAMOTO
Jumatatu, kabla ya saa nne asubuhi, mbwa watatu walishayakojolea, na wa nne akachana kitambaa cha chini. Mbwa hana kosa, mgeni rasmi, yeye hakuhudhuria kikao hata kimoja. Sisi tulihudhuria vyote vitano, na tumechoka kusema.

Jumanne, paka wa mwalimu mstaafu alikaa uso kwa uso na mbwa mkubwa. Mbwa alipobweka, paka akachomoka kikapuni, akatoweka. Dada yetu wa mapokezi akaambiwa aliacha mlango wazi. Aliapa kwamba aliufunga. Hakuna aliyemsikiliza, alipewa barua ya kusimamishwa kazi, baada ya miaka kumi na mmoja pale kaunta. Ilituuma sana.

Jana, kwa ajili ya ujio wako, mpasuko ule ulishonwa, makochi yakafunikwa nailoni, na agizo lako likabandikwa ukutani: atakayegusa samani kabla ya uzinduzi atamfuata dada wa mapokezi. Fundi hajamaliza kukusanya sindano zake, kochi likalia nyau.

Tulipiga simu ofisini kwako mara saba. Katibu muhtasi akasema, "Jamani, mwenyekiti ana shughuli. Kama kuna jambo, si mliweke kwenye risala?" Tumeliweka.

MAOMBI
Tulikuwa na maombi kumi na mawili. Mengine yatasubiri. Tunaomba dada arudi kazini leo hii. Yupo hapo nje ya dirisha na mwalimu, wanasikiliza. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini wewe tunakuomba uinuke kwanza, maana kochi lenyewe ndilo ulilokalia. Ile sauti unayoisikia tangu tuanze kusoma si tumbo la mkuu wa kliniki. Ukishainuka, tupatie huo mkasi wa kukatia utepe.

Mungu akujalie afya na maisha marefu, nasi atujalie mabenchi.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Kliniki ya Mifugo, tisa tuliosimama mbele yako na mmoja aliye dirishani.