Chumvi ya Bibi Omine Ilimwagika

Mheshimiwa Meya Hosaka. Mtawa Mkuu wa hekalu letu. Mwalimu Uramoto unayetuaga leo. Wazee wa bonde, ndugu wageni waalikwa, na nyinyi mama wenzangu mliotoka kuchuma chai bila hata kunawa: nawasalimu kwa heshima. Mama mkwe wangu anawasalimu, magoti yamemweka nyumbani karibu na jiko. Kitindamimba wetu Natsuo anawasalimu, ana mafua. Mume wangu Genzo anawasalimu, yule pale amejificha nyuma ya nguzo. Na binti yangu Chigusa anawasalimu kwa kuinamisha kichwa tu, maana akifungua kinywa atalia, nami nitamfuata.

Shule niliiachia njiani, kwa hiyo nikikosea mnivumilie. Wazazi wenzangu wamenituma niseme.

Nani humu hakulelewa na hadithi ya Bibi Omine? Mjane, mchuuzi wa chumvi, anapanda mlima kutoka pwani na mzega begani, mti wenye kapu huku na kapu huku. Majambazi wakamkatizia njia kileleni. Hakutua mzigo. Aligeuka mara moja tu, makapu yakaruka kama mwewe, majambazi wakabingirika korongoni, na chumvi, tunaambiwa, haikudondoka hata chembe. Ndipo ulipozaliwa mchezo wetu wa kupigana kwa mzega. Ndiyo maana anayetaka kuurithi huzunguka na mzega wa ndoo zilizojaa maji, na akimwaga harithi. Na mwisho wa hadithi hunong'onezwa mrithi peke yake, sikioni.

Hofu yetu mnaijua. Mwanawe Mwalimu yuko Osaka na mzega hautaki. Mwalimu mwenyewe miguu imemchoka. Chigusa angeshindwa leo, ukumbi huu wa mazoezi ungefungwa, na mchezo ungezikwa pamoja na Mwalimu.

Basi asubuhi mmeniona. Mtoto yuko katikati ya mzunguko pale uani, mimi naona kamba ya ndara yake ya majani imelegea. Jamani, uchungu wa mwana aujuaye mzazi! Nikachomoka mkekani, nikajitosa chini ya mti niifunge. Chigusa akauinua mzega ghafla asinipasue kichwa, na maji, chwaa! yakamwogesha Mheshimiwa Meya.

"Mama! Umeniua!"

"Nikuache uanguke?"

"Si ningeanguka na maji yangu!"

Nyuma nikamsikia Genzo: "Karne zote hizi, jambazi wa kwanza kuushinda mzega ni mke wangu." Watu wakacheka, lakini Mzee Tabuse hakucheka. "Yamemwagika," akasema. "Habari imekwisha."

Mwanangu akaanza kufungua mshipi wake. Moyo wangu, ndugu zangu, sijui ulikwenda wapi.

Ndipo Mwalimu akanyanyuka, akatoa mbele yetu sote ile sehemu ya kunong'onezwa. "Chumvi ilimwagika," akasema. "Nusu kapu. Nyuma ya Omine alikuwapo mama yake, kipofu, ameshikilia mshipi wa bintiye. Omine aliuinua mti asimpige. Hayo ya chembe kutodondoka aliwaambia wanunuzi. Nani angenunua chumvi iliyozolewa matopeni? Tabuse, wewe ungenunua?"

"Mimi? Thubutu!"

"Basi. Anayezungusha mzega bila kujua nyuma yake yupo nani, huyo ndiye hanifai. Chigusa, funga mshipi wako. Mti ni wako."

Mwalimu, ulikuwa na siri, ungeweza kuondoka nayo kwa heshima zote. Umeimwaga mbele ya watu ili mtoto wa watu asimame. Tukushukuru kwa lipi? Vitonge vya wali nilivyokuletea miaka yote havifiki hata ukingoni mwa deni hilo.

Lakini ndugu zangu, mrithi bila wanafunzi ni nini? Mchezo huu ni wa watu wawili kutazamana, na leo Chigusa anatazamana na ukuta. Nami mnanijua, silali nikiwa na wasiwasi. Leteni watoto, wa kiume na wa kike, hata wale watundu, hasa wale watundu. Ndara nitazifunga mimi, safari hii kabla hawajaanza.

Mmenistahimili, Mungu wa mlima awalipe. Sasa semezaneni huko majumbani, kisha mnipitishie jibu upesi, kabla hatujaanza kupanda mpunga. Nitakuwa mlangoni, nawasubiri.