Vigingi vya Kijani vya Kwa Vonza

Ilikuwa siku ya tatu sasa tangu vigingi vyenye utepe wa kijani vichomekwe katikati ya soko la Kwa Vonza, na benchi la Abdinoor, muuza kahawa, halikuwa na habari nyingine. Kigingi kimoja kilisimama hatua mbili tu kutoka sanduku la Nzau, fundi wa viatu, mahali alipokula jua na vumbi miaka kumi na minne akisomesha watoto watatu. Watu wa kaunti walisema ni mpango wa mtaa wa kijani: miti, njia ya waenda kwa miguu, na mitaro ya kuingiza maji ya mvua ardhini. Nzau alikitazama kigingi kile kama mbwa asiyemjua. Roho yake haikutulia hata kidogo.

— Miti ni ya kutufunga macho, alisema Muindi, aliyeitwa Injinia kwa sababu aliwahi kumshikia mpimaji ardhi kamba siku mbili. Leo wanapanda mti, kesho wanasema huwezi kaa karibu na mti.

— Na mimi niende wapi? Nzau aliuliza.

— Si hapo ndio kuna maneno!

— Ati njia ya miguu, akadakia Nzuki wa bodaboda, ambaye benchi lilimwita Setilaiti. Tangu lini serikali ikapenda watu watembee? Kuna kitu iko chini ya hiyo njia.

— Dhahabu? Abdinoor aliuliza akimimina.

— Maji, bwana! Wanaficha mvua yetu huko chini, halafu wanakuja kutuuzia na mita.

— Na hiyo miti itakuwa na kamera, Injinia akaongeza. Juu kabisa, ndani ya majani.

— Kamera ya kuona nini hapa? Viatu ya Nzau?

— Wewe cheka tu, Abdinoor. Siku ile kaunti ilituita mkutano, si walituambia tuandike majina na kazi? Hiyo list ilikuwa ya nini?

Setilaiti akapiga paja.

— Mimi sikuwaachia jina yangu. Niliandika Musyimi.

— Mimi niliandika Kiema, akasema Injinia.

Nzau akatabasamu kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Yeye aliandika Ndululu Mutisya, fundi wa viatu, tena kwa mwandiko safi.

— Wakija kufukuza Ndululu, wamtafute wenyewe!

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Kicheko hakijaisha, akafika mwanamke kijana mwenye koti la kaunti na karatasi mkononi.

— Hamjambo wazee. Naitwa Mumbua, natoka mipango ya mji.

— Hatujambo, wakajibu shingo upande.

— Chini ya kila mti tunajenga kibanda cha fundi, chenye paa. Anapewa yule alikuja mkutano akajiandikisha, ndio watu wa nje wasiingie. Orodha inafungwa leo.

Akashika kile kigingi cha karibu na sanduku.

— Hii ni ya fundi wa viatu.

Moyo wa Nzau uliruka kwa furaha. Alikuwa ameshainuka na kutoa kitambulisho mfukoni Mumbua alipoinamia karatasi yake.

— Ndululu Mutisya ni nani hapa?

Setilaiti akaanza kukagua gurudumu la pikipiki yake. Injinia akakumbuka kwamba kahawa yake inapoa. Nzau alibaki amesimama katikati yao, kidole gumba kikiwa kimefunika jina lake mwenyewe kwenye kitambulisho.