Nilipoimba Besi na Wanaume

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Ah, ninyi wa upande wa madirisha mmeitika kama mmefunga siku tatu. Asifiwe tena! Amina. Mimi ni Mama Limi, mkulima wa pamba hapa karibu na Songwa, na leo nimekuja kusema jinsi Mungu alivyonitoa katika usingizi. Msicheke. Usingizi!

Miaka ile ya kuhamia vijijini nilikuwa mke kijana, nimejifungua mwanangu wa kwanza, Limi. Kabla ya hapo jembe langu lilijulikana. Lakini mtoto alipofikisha miezi sita hivi, mwili ukaanza kunigomea. Baridi! Mwezi wa kumi, jua la Shinyanga mnalijua, mbuzi wanagombania kivuli, mimi nimevaa sweta na vitenge viwili. Nywele zikawa zinabaki kwenye kitana. Uso ukavimba, na watu, Mungu awasamehe, wakanipongeza: "Ndoa imekukubali, umenenepa!" Nilisinzia nikichambua pamba, nikasinzia nikisonga ugali, mwiko mkononi.

Mama mkwe wangu, tunamwita Mayu, ni mtu wa kuamka jogoo la kwanza. Akaniona mvivu. Kijiji kizima kikaniona mvivu. Ikafika mahali akawaambia wazee wa ukoo nirudishwe kwa wazazi wangu, na Limi abaki. Ndugu zangu, nilikufa ndani! Nililia, ila hata kulia kwenyewe nililia polepole.

Kitu kimoja tu kilinipa heshima. Sauti! Zamani niliimba sauti ya kwanza, nyembamba kabisa. Ugonjwa ulipoingia, sauti ikashuka, ikashuka, mpaka mwalimu wetu wa kwaya, Mwalimu Petro, akanihamisha nikasimame na wanaume. Nikaimba besi! Watu walitoka vijiji vya jirani kuja kumsikia mwanamke anayenguruma. Mchungaji akamshukuru Mungu kwa karama ile, nasi sote tukasema amina. Mimi ndiye niliyeisema kwa nguvu kuliko wote.

Basi, Jumapili moja akaja daktari wa misheni, mama mmoja wa makamo, Mzungu, mcheshi sana. Tulipoimba alinyoosha shingo kumtafuta mwanaume mwenye besi ile, akamkuta mwanamke ndani ya sweta. Baada ya ibada akaniita, akanigonga nyuma ya kisigino kwa kinyundo cha mpira. Mguu wa mtu mwenye afya huruka. Wangu ulifikiria kwanza, ndipo ukajitikisa. Akachukua damu. Mwezi uliofuata alirudi, akaniambia, "Mama Limi, sauti hiyo si karama. Ni ugonjwa."

Akanieleza kwamba shingoni mna tezi ndogo inayotengeneza homoni, na homoni hiyo ndiyo inayouamsha mwili na kuupa joto. Tezi yangu ilikuwa imechoka. Vidonge alivyonipa ndivyo homoni yenyewe, vya kuziba pengo lile, kimoja kila asubuhi, maisha yangu yote. Akasema ugonjwa huu huwapata hata wanaume, ila mwanaume akisinzia sinzia huambiwa amelewa. Nikauliza, na sauti je? Akasema itarudi ilipokuwa.

Hapo ndipo nilipokosea! Kwaya ilikuwa imealikwa Shinyanga mjini kwenye mkutano wa Pasaka. Mwalimu Petro akanibembeleza: "Mama Limi, si ungoje basi hata Pasaka ipite?" Nami nikawaza, nikinyang'anywa besi, watanisifia kwa lipi? Nikavificha vidonge kwenye kibuyu cha mbegu, nikamwambia mume wangu kwamba nameza; Mayu yeye aliuita ugonjwa huo kisingizio cha uvivu. Jamani, niliificha dawa yangu mwenyewe!

Wiki mbili kabla ya Pasaka nilikwenda lamboni kufua. Limi alikuwa anakaribia miaka miwili, ameshajua kukimbia. Nilimweka karibu nami, nikakaa nipumzike kidogo. Ninachokumbuka baada ya hapo ni kofi. Mayu amesimama mbele yangu, nguo zinamchuruzika maji, Limi yuko begani kwake anakohoa na kulia. Alimwona kwa mbali akiingia majini, akautupa mtungi wake, akakimbia. Mtoto aliniita, ndugu zangu. Aliniita hatua chache tu kutoka nilipokaa, na mimi mama yake sikuamka!

Nilingoja matusi. Mayu akanishika mashavu, akayakuta ya baridi. Akasema taratibu, "Mvivu akisikia mwanawe analia, anaamka. Wewe hukuamka. Wewe unaumwa, mwanangu." Akakaa chini kwenye tope, tukalia wote watatu. Nikamweleza yote, vidonge, kibuyu, besi. Alinisonya! Kisha akanibebea nguo zangu mpaka nyumbani, na habari ya kunirudisha kwa wazazi wangu ikaishia pale.

Kesho yake alfajiri alikuja na kidonge na kikombe cha maji, akasimama pale mpaka nifungue kinywa aone kimeshuka. Na mnajua nini? Pasaka ilipofika besi ilikuwa bado ipo! Dawa ile haina haraka. Tuliimba mjini, tukashangiliwa, na vidonge nilikuwa nameza. Nilikuwa nimemhatarisha mtoto wangu bure kabisa.

Wakati wa kuchuma pamba, sweta nilikwishalivua. Sauti ikapanda, nikarudi upande wa wanawake, na Mwalimu Petro akatokwa na machozi mbele ya kwaya nzima. Pole, Mwalimu, nakuona hapo. Tangu siku ile ya lamboni, Limi akikohoa tu, nimeshasimama. Na mvua zikiharibu njia, anayekwenda misheni kwa miguu kunichukulia vidonge ni Mayu.

Wapo wanaoniuliza lini nitaacha dawa niishi kwa imani. Namshukuru Mungu kila asubuhi nikimeza. Hiyo ndiyo imani yangu. Alinitumia daktari mwenye kinyundo na mama mkwe mwenye kofi, nami nimevipokea vyote viwili.

Ndugu zangu, kama nyumbani kwako yuko mke wa mwanao unayemwita mvivu, usimrudishe kwao. Mshike mikono kwanza. Ukiikuta ya baridi kwenye jua hili, mwite Bwana, kisha umlete kwetu. Mimi na Mayu tutampeleka kwa daktari sisi wenyewe, na mtoto wake tutamshika njia nzima.