Msizime Kompyuta ya Rumiana

Benchi letu liko mbele ya jengo namba kumi na nne, hapa mjini Ruse, hatua tano kutoka mashine ya kahawa. Mlangoni bado imebandikwa picha ya marehemu Rumiana, mke wa Dobri, mwenzetu wa benchini. Leo ni arobaini yake, na ngano ya sukari, ile ya kumkumbuka marehemu, tumeshaila. Siku aliyochukuliwa na ambulensi alikuwa anamwandikia binti yao barua kwenye kompyuta. Alibonyeza ichapwe, programu ikaganda, naye hakurudi. Barua haikuhifadhiwa popote, kwa hiyo Dobri hajaizima kompyuta siku zote arobaini. Saa nne asubuhi hii umeme wa jengo unakatwa kwa matengenezo. Zornitsa wa ghorofa ya tatu, ambaye kazi yake ni programu, yuko nayo tangu alfajiri.

FRIJI (anatengeneza majokofu): Anafanya nini huko, na kibodi haijibu?

WINCHI (mstaafu wa bandarini): Si kasema? Kawasha programu nyingine, inaingia kwenye kumbukumbu ya hiyo iliyoganda, inasoma kilichomo.

FRIJI: Bila hodi?

WINCHI: Hodi umpigie nani, mwenyewe kazimia.

FRIJI: Basi na mimi nikilala watanichungulia kichwani.

WINCHI: Watakuta soseji tu.

FRIJI: Cheka. Wakimaliza waliolala, watahamia kwa waliokufa.

DOBRI: Hilo nimeliwaza kila siku, Friji. Kunywa kahawa yako.

Zornitsa alishuka saa nne kasoro kumi, ana karatasi mbili.

ZORNITSA: Mjomba Dobri, nimeipata. Programu ilikuwa inaisubiri printa.

DOBRI: Printa niliiuza. Sikumwambia.

ZORNITSA: Ndani palikuwa na sifuri, yaani printa haijajibu. Nikaibadilisha, nikaweka moja. Ikaamka palepale.

WINCHI: Moja tu?

ZORNITSA: Moja tu.

Winchi kanyanyua makontena miaka thelathini. Alivua kofia kwa ajili ya hiyo moja.

Dobri alisoma karatasi ya kwanza kwa sauti: chupa kumi na mbili za pilipili, viatu vya mjukuu, baba yako hajambo. Ya pili ilikuwa imekunjwa.

DOBRI: Na hii?

ZORNITSA: Ni aliyoyafuta. Programu huwa inayaweka kwanza, mtu asije akayataka tena. Nilipoona jina lako sikuendelea kusoma, nikayachapa tu kwa printa yangu.

FRIJI: Fungua, Dobri, unangoja nini?

Fundi wa umeme alikuwa ameshafika. Hatumjui, alisimama na ngazi yake karibu na sanduku la mita.

FUNDI: Samahanini. Aliyafuta nani?

ZORNITSA: Marehemu mwenyewe.

FUNDI: Sasa, alitaka yasomwe au yasisomwe?

Dobri aliinuka kwenye benchi, karatasi bado imekunjwa.

DOBRI: Kata umeme, ndugu yangu.

Fundi alifungua sanduku. Mashine ya kahawa ilinyamaza, kikombe cha Winchi kikiwa nusu. Huko juu kompyuta ya Rumiana nayo ilizimika. Dobri aliitia karatasi ya pili kwenye mfuko wa ndani wa koti, bila kuikunjua, akabaki ameushika mfuko.