Harlan Pribyl na Mashine Isiyopunguza Mwendo

Harlan Joseph Pribyl alizaliwa tarehe 3 Machi 1948 katika shamba la ng'ombe wa maziwa nje ya mji huu wa Alder Falls, Wisconsin, mtoto wa tatu wa marehemu Emil na Agnes. Alisoma shule ya parokia, kisha sekondari ya mji. Mwaka 1968 alihitimu ufundi umeme na kuajiriwa na kiwanda cha karatasi, alikodumu hadi kustaafu mwaka 2010.

Tarehe 15 Juni 1974 alimwoa Marcella Zastrow. Walikutana ukumbini mwa parokia, kwenye mlo wa samaki wa kukaanga unaoandaliwa huko siku za Ijumaa. Marcella anasimulia kwamba Harlan, badala ya salamu, alimsogezea viazi vyake vyote.

Waliofanya kazi kiwandani wanajua radi ilivyowatesa. Umeme ukiyumba kidogo tu, karatasi hukatika mashineni, na zamu nzima hushinda ikizoa vipande. Ndiyo maana ngurumo ikisikika, mwendo wa mashine ulipunguzwa ili karatasi isikatike. Mwaka 1997 lililetwa trela lenye koili ya waya, iliyopozwa kwa baridi kali hivi kwamba umeme huzunguka ndani yake bila kupotea, na gridi ya umeme ikiyumba, koili huutoa kufumba na kufumbua. Harlan alikabidhiwa kulitunza. Wenzake wakaliita jokofu la Harlan.

Meneja alisema lisipoonyesha faida kabla ya kiangazi kwisha, litarudishwa. Harlan aliliamini. Lakini kila radi ilipokuja, Duane Zastrow, kaka yake Marcella na mwendesha mashine, alipunguza mwendo kama alivyofundishwa na baba yake, na trela likakosa nafasi ya kujionyesha. Agosti ilikuwa ikiishia pale wingu zito lilipotanda alasiri moja. Harlan alitoka karakanani, akasimama kando ya Duane.

"Leo usipunguze, shemeji."

"Karatasi ikikatika atazoa nani? Jokofu lako?"

"Nitazoa mimi. Wewe toa mkono hapo."

Duane aliutoa. Radi ikapiga, taa za mji zikafifia, na karatasi ikaendelea kushuka, nyeupe, bila mkato. Duane alimgeukia Harlan.

"Kumbe kiangazi chote nimekuwa nikikuzibia njia," akasema.

Trela lilibaki.

Mwaka 2018 moyo wa Harlan ulianza kuchoka. Alitibiwa bila kulalamika, akafariki nyumbani asubuhi ya tarehe 9 Oktoba 2019, Marcella akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Marcella; watoto wake Colleen na Dennis; wajukuu wanne; dada yake Rosalie; na Duane.

Mfanyakazi wa zamani akizikwa, kiwanda huisimamisha mashine kwa heshima yake. Juzi Duane alikwenda kuwaomba wasifanye hivyo kwa Harlan, nao wakamwelewa. Saa hii anapolazwa kaburini, mashine inakwenda kwa mwendo wake wote.

Mungu ampokee, apumzike kwa amani aliyoifanyia kazi.