Bwana Vigingi na Udongo wa Mteremkoni

Ndugu waombolezaji, msishangae kuitwa hapa uwanja wa shule badala ya nyumbani kwa marehemu, mimi ni mdogo wake, familia imenituma niwasomee maisha yake, na leo sina uchungu tu, naogopa, na sababu yake mtaisikia kabla sijakaa.

Kaka yetu, ambaye wengi mlimwita Bwana Vigingi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, kifungua mimba wa fundi redio na mshonaji, katika nyumba ileile ya mteremkoni aliyoishi hadi mwisho. Alianza shule ya msingi mwaka 1968, akamaliza sekondari mwaka 1980, na mwaka 1985 akahitimu chuo kikuu katika fizikia ya ardhi, somo ambalo mama yetu alifariki bado anauliza ni la nini.

Mwaka huohuo aliajiriwa idara ya maji, na kazi yake ilikuwa kupigilia vigingi vinne vya chuma, kupitisha umeme kwenye viwili vya nje na kupima volti kwenye viwili vya ndani, kisha kuvitenganisha zaidi ili umeme uzame zaidi, maana udongo mkavu huuzuia na udongo wenye maji huupitisha, na kwa vipimo hivyo alikokotoa kwenye kompyuta matabaka ya chini bila kuchimba shimo.

Tarehe 9 Septemba 1989 alifunga ndoa na shemeji yetu, muuguzi, baada ya kwenda ukweni na vigingi mkobani, hadi baba mkwe akauliza kama kijana amefuata mke au kisima, naye akajibu kwamba akiruhusiwa atachukua vyote viwili. Walijaliwa binti, ambaye ni mwalimu, na kijana, ambaye ni fundi bomba, na wajukuu watatu, ambao hadi jana walilala chumba cha nyuma, kile ambacho mlango wake haufungiki tena.

Mwaka 1998 marehemu ndiye aliyepima mteremko wetu, akachora matabaka matatu, udongo mkavu, udongo wa mfinyanzi uliolowa kuanzia mita nane, na mwamba, akatia sahihi kwamba ni salama, nasi tukazidi kujenga nyumba juu yake. Alipostaafu mwaka 2021 alirudia hesabu kwa sababu mlango ule ulikuwa umeanza kukwama, fremu ikipinda, na safari hii hakulichukulia kila tabaka kuwa la namna moja kutoka juu hadi chini, aliacha unyevu uongezeke kidogo kidogo kadiri anavyoshuka, na vipimo vilevile vikakubaliana na hesabu mpya kama vilivyokubaliana na ya zamani, isipokuwa sasa ule mfinyanzi ulianzia chini kidogo tu ya miguu yetu, kabla ya kufika hata mita mbili. Aliogopa kwamba mvua kubwa ingeuporomosha mteremko, wala hakuona haya kusema anaogopa, lakini kila alipokwenda kwa mwenyekiti wa mtaa alionyeshwa ramani aliyoichora yeye mwenyewe mwaka 1998, yenye sahihi yake, na wengine mkasema uzee unamchezea.

Mwezi Juni mwaka huu moyo ulianza kumsumbua, akalazwa, na hata wodini aliwasihi wafagizi wasilale mteremkoni mvua zikianza. Alifariki Jumanne, tarehe 5 Novemba 2024, mvua ikinyesha.

Asubuhi ya leo wachimba kaburi, walioanza kuchimba mteremkoni, upande wa juu wa nyumba, waliniita, mkubwa wao akasema tu nije nione mwenyewe, na nikaona, kwenye kimo cha kifua, udongo laini kama sabuni iliyolowa, maji yakijikusanya miguuni mwao, na ukuta mmoja wa kaburi ukisogea taratibu huku tukiutazama. Mimi ni kinyozi, sijui fizikia, ila nilitoka pale mbio kwenda kuwaambia mwenyekiti wa mtaa na mwalimu mkuu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, wafanyakazi wenzake waliobeba mitambo yake, na ninyi majirani mliokesha nasi bila kujua tumekesha juu ya nini. Tutamzika ng'ambo ya barabara kuu, penye udongo mkavu juu ya mwamba, kisha watu wa mteremkoni tunawaomba mrudi kuchukua wagonjwa, watoto na nguo tu, mwalimu mkuu ameshafungua madarasa. Mwenyekiti wa mtaa hamumwoni hapa, ametangulia kumhamisha mama yake.

Pumzika kwa amani, kaka, tumekusikia, tunahama.