Presi Isiwashwe kwa Ajili ya Mgeni

“Hapa kwenu, gari la aina moja huingia kwa wingi gani kwa mwaka?” Hilo ndilo swali aliloliuliza yule mwekezaji siku aliyosimama mbele ya presi yetu, mashine ya kukandamiza na kupika mpira, kashika bushi mkononi, kipande cha mpira kinachokaa kati ya chuma na chuma ili gari lisigonge, kakishika kama mtu aliyepewa yai asijue aliweke wapi; na hakuna aliyemjibu. Wewe, kifungua mimba wangu, ulicheka kwa adabu ukamwongezea soda, dada yako akanitazama mimi, na mimi nikatazama sakafu. Sasa sikilizeni, wanangu, mnisogelee, maana sauti hii iliyobaki ni ya kuazima.

Jibu nilikuwa nalo. Barabara zetu zimejaa magari yaliyowachosha wenyewe huko yalikotoka, kila moja na baba yake na mama yake, na bushi ya hili haiingii kwenye lile. Ndiyo maana ukuta mzima wa kiwanda umejaa kalibu, kila gari na umbo lake la chuma, na ndiyo maana tangu ujana nimeupika mpira kidogo kidogo, asubuhi bushi za teksi ya huyu, tukibadili kalibu, jioni za lori la yule. Fundi wa gereji anatushukuru, lakini mwenye mtaji hali shukrani. Yeye anataka kitu kimoja, kitoke mchana na usiku, kijaze meli. Sisi tuna uchache wa kila kitu.

Na msidhani sikupambana. Mpira mbichi ninaoagiza unatozwa ushuru kama manukato, na bushi iliyopikwa nje inapita mpakani ikipiga mluzi, ikatunyang'anya wateja. Nilikwenda ofisi ya ushuru mpaka mlinzi akawa ananiita shemeji. Karani akaniambia, “Mzee, vuta subira, sera inakuja.” Nikamuuliza, “Inakuja kwa mguu?” Wakacheka wote, hata mimi nilicheka, na ushuru ukabaki palepale. Kila mwaka wakubwa wa serikali wanaitana hotelini kusema nchi hii ni lango la soko kubwa, vijana wetu ni hazina, njooni muwekeze. Kisha wanatoka nje na kupanda magari ambayo hayana hata skrubu moja iliyochongwa hapa. Hasira hii nitakwenda nayo. Sitaki kuwaficha.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyolelewa. Basi yule mgeni alipoaga akisema atarudi siku yoyote na angependa aikute presi ina moto, sisi tukaigeuza kauli ya adabu kuwa amri. Tangu hapo, kila asubuhi wafanyakazi wanakuja, wanapangusa kalibu, wanawasha presi, wanavaa ovaroli safi na kukaa kwenye mabenchi wakitazama geti, na jioni wanazima. Wenyewe walishambandika jina, Bwana Keshokutwa, na bado wanakuja, kwa sababu wewe, baba, unawaambia atakuja. Yule mchonga kalibu aliitwa kazi kwingine akakataa, eti hawezi kuniaibisha siku mgeni anafika. Hilo ndilo linaloniua, si mapafu haya. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na matumbo yenyewe si yetu, ni ya watoto wa watu.

Nipumzike kidogo... Hapana, msinilaze. Nitakaa.

Nakuja kwenye mali. Nyumba ni ya mama yenu. Najua, kifungua mimba, umeshazungumza na benki uiweke rehani, ununue presi mpya ya aina aliyoitaja mgeni, ili akirudi akute tumejiandaa. Usifanye hivyo. Nakukataza mbele ya mama yako na dada yako, na si kwamba nakudharau. Una moyo kunishinda, ila moyo hauna soko. Akirudi atauliza swali lilelile, na presi mpya nayo itanyamaza.

Jengo muuzieni baba yenu mdogo. Ndiyo, yeye. Alipotaka kulifanya ghala la spea za nje nilimfukuza kama mbwa, nikamwambia ndugu yangu wa tumbo moja kuwa anataka kulala kwenye kaburi langu kabla mimi sijaliingia. Sijamsamehe, na siwaambii nimemsamehe ili nionekane nimekufa vizuri. Lakini hakuna mwingine atakayenunua. Mtakachopata, haki za wafanyakazi zitangulie. Kitakachobaki mgawane sawa kwa sawa, binti asipunjwe. Kalibu zangu... mnunua vyuma chakavu atazibeba. Nilidhani wajukuu watakuja... Basi. Tuyaache.

Mola awape riziki isiyowasubirisha getini. Awaweke pamoja mkiwa nacho na mkiwa hamna. Mama yenu... msimwache ale peke yake.

Pumzi inakwenda. Wewe, binti yangu, wewe mama, ndiye usiyejua kupamba maneno. Kaka yako ataona haya, na mimi siwezi kusimama. Saa hizi wafanyakazi wameshafika, wameshakaa. Nenda kiwandani. Waambie hakuna anayekuja.